Chupa ya Tatu

Likombe, Mtwara
Jumapili, 11 Julai 1976

Dada yangu mpendwa Felista,

Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji na wote wa hapo nyumbani Mbinga, na kwamba kile kikohozi ulichoondoka nacho huku kimekwisha. Mimi mwili wangu ni mzima, nashukuru. Nakula, ingawa napika vibaya. Mama Paulo wa nyumba ya pili ameniambia ugali wangu unafaa kuzibia bati linalovuja, lakini akishasema hivyo huniletea mboga.

Magreth anaendeleaje? Barua yake niliipata, ile aliyochora kuku mwenye miguu mitatu. Mwambie baba amecheka na ameibandika ukutani karibu na kitanda. Hii usimsomee. Isome kwanza peke yako mpaka mwisho, kisha utaamua mwenyewe la kumwambia. Yeye ana miaka tisa, na mama yake hajamaliza miezi minne kaburini.

Umeniuliza mara mbili kwa nini nimekaa kimya, na umeuliza pia habari za Mwalimu Lukasi. Maswali hayo mawili yana jibu moja. Mwalimu Lukasi unamkumbuka, ni yule aliyekuja na baiskeli kukupokea ulipoteremka kwenye lori la Songea, akakubebea mzigo wako, na wewe ukaniambia baadaye uliogopa mtu mwembamba vile atavunjika katikati. Dada, habari zake si nzuri. Keshokutwa Jumanne bodi ya shule itakaa pamoja na mtu wa ofisi ya elimu kuamua juu yake. Inasemwa alimjeruhi mwanafunzi kwa uzembe. Wakikubaliana hivyo, ataondolewa katika ualimu kabisa, wala si kuhamishwa tu, na yeye hana kazi nyingine anayoijua wala anayoitaka.

Nataka kukueleza tangu mwanzo. Itakuwa ndefu, univumilie.

Wewe umezoea kuwaambia watu kwamba mdogo wako ni mwalimu wa sekondari kule pwani. Nimekukataza lakini huachi. Mimi ni mhudumu wa maabara. Naosha vyombo vya kioo, napanga chupa, nafagia, na siku ya majaribio naweka mezani kila kitu ambacho mwalimu atakihitaji ili aingie na kuanza. Darasa langu la nane linanitosha kusoma majina yaliyobandikwa kwenye chupa. Zaidi ya hapo, nilichokijua chote nimefundishwa na Mwalimu Lukasi, na alinifundisha kwa sababu ya mchwa.

Mwaka juzi mchwa walikula chati kubwa ya ukutani, ile yenye jedwali la elementi. Kuagiza nyingine Dar es Salaam kulikuwa ni kungoja mwaka. Mwalimu akaja kwangu na kitabu, akasema tutatengeneza yetu. Tukapata marikani, marehemu Sabina wangu akaunga vipande viwili kwa cherehani yake na kukunja pindo pande zote nne, nami nikaandika kwa rangi nyeusi iliyobaki walipopaka milango ya bweni. Sabina alinung'unika kwamba kitambaa kizuri namna ile kingetoa mapazia ya nyumba nzima. Kazi ilichukua wiki tatu, kwa sababu sikutaka kunakili nisichokielewa, na Mwalimu hakuchoka kunieleza. Alikuja hapa nyumbani jioni baada ya masomo, tukatandika kitambaa barazani, akapiga magoti pembeni yake kama mtu anayepanda mboga.

Aliniambia kwanza nilisome kama ninavyosoma barua, kutoka kushoto kwenda kulia, mstari baada ya mstari. Kila chumba kina elementi moja, yaani kitu ambacho hata ukichome au ukichemshe vipi hakitoi ndani yake kitu kingine. Herufi ni jina lake kwa kifupi. Namba nzima iliyo juu ni hesabu ya chembe za umeme chanya zilizo katikati ya atomi yake, na hiyo ndiyo inayomtambulisha: haidrojeni moja, kaboni sita, oksijeni nane, wala hakuna wawili wenye namba sawa. Namba ya chini ni uzito. Ukisogea chumba kimoja kwenda kulia, umeongeza moja. Hayo niliyashika siku ya kwanza, nikajiona nimemaliza.

Siku ya pili akasema, sasa lisome kwa kushuka. Kumbe hapo ndipo penyewe. Waliopangwa mmoja chini ya mwenzake katika safu moja ni ukoo mmoja, na wana tabia za ukoo. Safu ya kwanza kabisa kushoto, kila mmoja ana elektroni moja tu pembeni, na anatafuta wa kumpa. Safu ya pili kutoka mwisho, kila mmoja amepungukiwa na moja, anatafuta wa kumnyang'anya. Safu ya mwisho wametosheka, hawana haja na mtu. Kwa hiyo ukijua mtu yuko safu gani, unajua atakalofanya kabla hujamgusa. Sodiamu inaruka majini na kuchoma, klorini ni hewa inayoua. Zikutane, moja itoe na nyingine ipokee, unapata chumvi hii inayokaushwa kwenye mabwawa ya hapa pwani, tunayotia kwenye maharage. Sabina alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Akasema hata ndoa nyingine ziko hivyo.

Aliuliza pia kwa nini sodiamu imeandikwa Na, na potasiamu imeandikwa K, wakati hakuna K ndani ya jina lake. Mwalimu akamwambia ni majina yao ya Kilatini. Sabina akafurahi sana, akasema kumbe na hawa wamebatizwa. Tangu siku ile akawa anamwita potasiamu Bwana K. Akisikia kishindo chochote upande wa shule anauliza kama ni Bwana K.

Nami nilikuwa na swali langu. Katika safu ile ya kwanza, lithiamu iko juu, sodiamu inafuata, potasiamu iko chini yake, na Mwalimu alisema ukali unazidi kadiri unavyoshuka. Nikauliza kwa nini aliye chini awe mkali kuliko wa juu. Akasema elektroni yake ya nje iko mbali zaidi na katikati, basi haishikwi sana. Akanigeukia akicheka: “Kama wewe, Bwana Erasto. Serikali imekutoa Mbinga ikakuleta mpaka huku. Mtu akipita na lori tupu aseme twende zetu, si utapanda?” Sabina akajibu kabla yangu kwamba mume wake hapandi lori lolote bila ruhusa.

Nakuandikia haya yote kwa sababu ndiyo siku zetu nzuri za mwisho, na kwa sababu utaona mwenyewe kwamba mimi nilifundishwa. Siwezi kusema sikujua.

Jumatano ya tarehe 9 Juni Kidato cha Tatu walikuwa na somo la safu ya kwanza. Niliweka mezani beseni la kioo lenye maji, kigae cheupe, kisu, kikoleo, karatasi za kukaushia, na chupa tatu zenye vizibo vya kioo. Metali hizi tatu huhifadhiwa ndani ya mafuta ya taa, kwa sababu zikikaa wazi hewa huziharibu. Mwalimu alitundika kitambaa chetu ubaoni. Akachukua lithiamu kipande kidogo kama punje ya mchele, akakitia majini. Kikaelea kikichemka taratibu. Akatia sodiamu. Ikawa kitone cha kung'aa, ikakimbia juu ya maji huku na huku, wanafunzi wakapiga makofi.

Hapo akawageukia, akasema kabla hajafungua chupa ya tatu anataka mtu amwambie K atafanya nini, na asibahatishe, aliangalie jedwali. Msichana mmoja, Mwanahawa binti Shabani, akasimama. Ni msichana mfupi, mcheshi, wa kwanza darasani katika somo hilo, anatoka kijiji kimoja kipya upande wa Ruvuma. Akatazama kitambaa, akasema, “Yuko chini ya sodiamu, mwalimu. Atakimbia zaidi, na nafikiri atawaka.” Mwalimu akamwambia ajibuye hivyo anastahili kushika saa na kuandika. Akamwita mbele, karibu zaidi na meza kuliko wenzake.

Dada, jibu lake lilikuwa sahihi, na ndilo lililomleta pale.

Mwalimu alitoa donge la potasiamu kwa kikoleo, akaliweka juu ya kigae. Nilikuwa mlangoni. Nilimsikia akisema ngozi yake imekuwa ya manjano, kama mtu anayejisemea mwenyewe. Kisha akakandamiza kisu. Ukatokea mlio mkali na moto, vipande vikaruka. Mkono wake wa kulia uliungua mpaka kwenye kifundo. Mwanahawa alipatwa shavuni na kwenye jicho la kushoto. Hakupiga kelele. Alikaa chini polepole na daftari lake mkononi, akauliza kama saa imevunjika.

Tulimpeleka hospitali kwa gari la shule. Daktari amejitahidi. Shavu litapona na kuacha kovu. Jicho, amesema, huenda likaona mwanga na kivuli, si zaidi ya hapo.

Nimekwenda kumtazama kila Jumamosi. Mara ya kwanza machozi yalinitoka, na yeye akaniambia, “Bwana Maabara, mimi sijafa, wewe nenda kalie kwingine.” Wagonjwa wa pembeni wakacheka. Akaniomba nimnakilie jedwali kwenye karatasi kwa herufi kubwa, kwa sababu mtihani haumngojei mtu apone. Nikamnakilia. Ameegemeza karatasi kwenye birika la chai, anajisomea kwa jicho moja, na nesi akipita anamwuliza namba ya risasi au ya shaba. Nesi amekwisha kuzijua kumi na mbili.

Baba yake, Mzee Shabani, amefikia kwa ndugu zake karibu na hospitali. Ni mkulima wa mihogo na mikorosho. Walipohamishiwa kijiji kipya mwaka juzi, mikorosho yake ilibaki kule kule, huenda kuipalilia kwa miguu na kurudi. Nilidhani atakuja shuleni kugomba. Alikuja na mfuko wa unga wa muhogo kwa ajili ya sisi tuliombeba mtoto wake. Alikaa kwenye ngazi ya maabara, akaniita, akaniambia kwamba mkuu wa shule amezungumza naye vizuri na watu wa ofisi wamezungumza naye vizuri, lakini kila mmoja wao ana cheo cha kulinda. “Wewe, bwana, huna cheo. Niambie wewe. Yule mwalimu alimfanyia mwanangu mchezo? Kama ni amri ya Mungu, nitanyamaza. Kama ni mtu, nataka nijue ni mtu.” Nikamwambia sikuona Mwalimu akifanya mchezo. Akasema ahsante. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Mkaguzi alikuja kutoka ofisini, akakuta chupa ya tatu imejaa mafuta kama inavyotakiwa, na kisu kisafi, na maji safi. Akaandika kwamba vifaa havikuwa na kasoro, kwa hiyo kosa ni la mwalimu: amekata kipande kikubwa, hakukichunguza kwanza, na amemruhusu mwanafunzi kusogea. Mwalimu Lukasi hakubisha hata neno moja. Ameandika maelezo yake kwa mkono wa kushoto, na ndani yake amekubali yote. Nilipomtembelea, mkono wake ukiwa bado umefungwa, aliniambia amelirudia jambo lile kichwani mara nyingi na jambo moja tu linamsumbua, ile rangi ya manjano. Potasiamu iliyotunzwa haigeuki hivyo kwa miaka mitano. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama ninavyoulizwa wapi nimeweka funguo: “Bwana Erasto, mafuta ya ile chupa yaliwahi kupungua?”

Nikamjibu hayajawahi kupungua.

Akasema basi ni yeye. Angepaswa kuiona ile rangi na kusimama, na aliiona na hakusimama.

Sasa, dada yangu, nimefika.

Unakumbuka nilikuandikia mwezi wa Februari kwamba Sabina amerudishwa nyumbani kutoka hospitali. Sikukuandikia sababu. Daktari aliniita pembeni akasema uvimbe wa tumboni umekwisha kwenda mbali, hakuna la kufanya ila kumtuliza. Walimpa vidonge. Vilipokwisha havikupatikana vingine. Kilichokuwa kinamtuliza ni kukandwa na maji ya moto. Nilichovya taulo, nikakamua, nikamwekea tumboni na kiunoni, akapumua. Likipoa, maumivu yanarudi. Mwezi wa Machi mvua ilinyesha mfululizo, unajua huku ikianza haina adabu. Mkaa ulilowa, kuni zilikuwa mbichi, zilitoa moshi na yeye moshi ulimkohoza mpaka akashika tumbo kwa kulia. Nilikuwa na jiko la mafuta ya taa, lakini duka la ushirika lilikuwa limekwisha kukaa wiki tatu bila mafuta. Nilizunguka mpaka Mikindani na chupa mfukoni. Mtu mmoja alinipa robo ya chupa kwa huruma. Ilikwisha siku hiyohiyo.

Nilikuwa na funguo za maabara.

Nilianza na chupa ya lithiamu, nikamimina kidogo. Kesho yake nikamimina kidogo kwenye sodiamu. Nilihakikisha metali zimebaki zimefunikwa, na nilijiambia sijaharibu kitu. Siku iliyofuata, Jumatatu, Sabina alikuwa ameanza kuuma shuka. Chupa ya tatu ndiyo iliyokuwa na mafuta mengi kuliko zote, kwa sababu ndiyo ya mkali kuliko wote na Mwalimu mwenyewe aliijaza mpaka shingoni. Niliyamimina yote. Yalijaza vikombe viwili. Donge likabaki kavu ndani ya kioo. Niliyeyusha kipande cha mshumaa nikazungushia kizibo, nikijiambia hewa haitapita, na Jumamosi duka likipata mafuta nitarudisha.

Maji niliyochemsha kwa mafuta ya vikombe vile viwili yalimkanda Sabina siku tatu. Alhamisi mchana akafa. Alikufa taulo likiwa bado na joto, na mimi namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo, na hapo ndipo ninapoteseka, kwa sababu nikijiuliza kama ningerudishwa siku ile ningefanya vingine, sipati jibu la haraka.

Wewe ulikuja, tukamaliza matanga, ukamchukua Magreth. Chupa sikuikumbuka. Si kwamba nilipuuza. Haikuwamo kichwani mwangu, kama vile hata jina la mwezi halikuwamo. Niliikumbuka tarehe 20 Aprili mafuta yalipofika dukani. Nilipofungua maabara nikakuta nta ya mshumaa imepasuka kwa joto, na donge limefanya ngozi ya manjano. Nilijaza mafuta mpaka shingoni palepale. Nikafikiri mafuta yatalitibu. Nilifikiri, dada, kama mtu anayerudisha mboga iliyonyauka ndani ya maji.

Ningeweza kumwuliza Mwalimu. Alikuwa chumba cha pili akisahihisha madaftari, nilimsikia akikohoa. Lakini kumwuliza kungekuwa kumwambia mafuta yalikwenda wapi, na mtumishi anayechukua mali ya shule siku hizi unajua anavyotajwa kwenye mikutano. Niliogopa kutajwa mwizi wakati udongo wa kaburi la mke wangu haujakauka. Nikafunga chupa.

Baada ya ajali nilichukua kitabu kikubwa cha Kiingereza cha maabara pamoja na kamusi. Ilinichukua siku mbili kusoma aya moja. Kinasema potasiamu ikipata hewa hujifunika kitu cha manjano, na kitu hicho kikikutana na mafuta na kukandamizwa kwa kisu, hulipuka. Kwa hiyo kuchukua mafuta kulikuwa kosa, na kuyarudisha bila kusema ndiko kulikotega. Nilisoma mara ya tatu nikitumaini kuna neno nimelikosea. Nilikuwa nimeyaelewa yote.

Mkaguzi akakuta chupa imejaa. Mzee Shabani akanishika mkono. Mwalimu akaniuliza swali moja nami nikamjibu uongo usoni. Ndiyo maana nimekaa kimya, dada. Kila nilipoanza kukuandikia nilikuta nimeandika salamu tu.

Leo baada ya misa nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu Lukasi. Alikuwa anajaribu kuandika kwa mkono wa kulia, vidole havijanyooka vizuri. Nilisimama mlangoni nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia, kwa mpangilio huu huu. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa akikunja na kukunjua kipande cha karatasi. Nilitegemea atanitukana. Nilitamani anitukane.

Swali lake la kwanza lilikuwa kama yale maji yalimsaidia Sabina.

Nikamwambia yalimsaidia. Kila nilipomkanda aliweza kulala karibu saa moja.

Akasema ni vizuri. Kisha akainuka, akafungua mlango wazi, akaniomba nitoke kwa sababu anataka kukasirika na hataki kukasirika mbele yangu. Nilipofika kwenye ua akaniita. Akasema, “Jumanne sitakupitia, Bwana Erasto, wala sitakungojea. Nitakwenda na maelezo yangu kama nilivyoyaandika. Wewe utajua utakalofanya.” Akafunga mlango. Hakuubamiza. Aliufunga kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa.

Kwa hiyo imebaki kwangu peke yangu. Nimekwisha kuandika maelezo yangu kurasa mbili, na nimeyatia sahihi kabla woga haujanirudia. Jumanne saa tatu nitasimama mbele ya bodi niyasome. Lakini kabla ya hapo, kesho asubuhi, nitakwenda hospitali. Sitaki Mzee Shabani asikie kutoka kwa watu wenye vyeo. Alitaka kujua kama ni mtu, basi nitamwambia ni mtu, na ni huyu aliyemshika mkono. Atakalonifanyia nitalipokea. Ninayemwogopa zaidi ni Mwanahawa, kwa sababu yeye atataka nimweleze vizuri ilivyotokea, hatua kwa hatua, na mimi itabidi nimweleze, na ataelewa haraka kuliko nilivyoelewa mimi.

Sijui yatakayonipata. Kazi nadhani itakwisha, na nyumba hii ni ya kazi. Huenda polisi wakaniita. Kama nitaachwa huru nitakuja nyumbani, nitalima na shemeji ikiwa atanikubali. Nikifungwa, Magreth abaki kwako, na siku atakapouliza usimfiche. Mwambie baba alichukua kitu kisicho chake ili mama apumzike, na mtoto wa mtu akaumia, na Mwalimu karibu apotee, na baba akachelewa kusema. Sema vyote vinne. Usiache hata kimoja kwa kunihurumia.

Msalimie sana shemeji, na Baba Padre, na wote wanaoniulizia. Mama Paulo naye anakusalimu, anasema ulimwahidi mbegu za maharage ya kwetu. Cherehani ya Sabina nimeiacha kwake aitunze, ni ya Magreth akikua.

Najua posta ya huku. Barua hii itakufikia siku nyingi baada ya hiyo Jumanne, na yatakayokuwa yatakuwa yamekwisha kuwa. Hata hivyo, dada, siku utakayoisoma, unikumbuke.

Ni mimi mdogo wako,

Erasto